Ninakimbia kila wiki, mbona presha inapanda?

BARUA

Shikamoo Mama Mshauri,

Mimi ni mwanamume wa miaka 44, mkazi wa Mtwara mjini, nimeoa na tuna watoto watatu. Ninaweka hesabu katika chama cha msingi cha ushirika cha wakulima wa korosho. Ni kazi ambayo kwa miezi mingi ya mwaka huwa tulivu, lakini msimu ukianza mwezi wa Oktoba hatujui tena tofauti ya mchana na usiku.

Kwa miaka sita sasa ninakimbia. Kikundi chetu cha joging kilianza na watu watano pale Shangani, leo tunakaribia arobaini, na mimi ndiye mwenyekiti. Jumanne na Alhamisi alfajiri tunakimbia kilomita sita, Jumamosi tunashika barabara ya Mikindani mpaka wenye pumzi fupi waombe tugeuze, na Jumapili jioni ninacheza mpira na maveterani wenzangu. Sivuti sigara wala sinywi pombe. Nina kilo 68 kwa urefu wa sentimita 170, na suruali niliyovaa siku ya ndoa yangu bado inanienea.

Mwezi wa Oktoba tulifanya bonanza, na wahudumu wa afya wakaalikwa kuja kupima watu presha na sukari. Wenzangu wakasema mwenyekiti aanze ili wengine wasiogope. Nilikuwa nimetoka kukimbia, jasho linanitiririka, watu wamenizunguka wanacheka. Mashine ikasoma 146/92. Muuguzi kijana akarudia, ikasoma 142/90. Akaniinamia na kuninong'oneza, "Kaka, hii iko juu, nenda kituo cha afya ukapimwe vizuri." Nikasimama, nikawageukia wenzangu nikasema, "Safi kabisa, nani anafuata?" Mama, uongo ule mdogo umenikaa rohoni hadi leo.

Wiki iliyofuata nilikwenda kituo cha afya kimyakimya, wakapata 138/88. Niliambiwa ni presha ya mpakani, nipunguze chumvi na nirudi baada ya mwezi. Sikurudi. Nimepima mara mbili katika duka la dawa, mara ya kwanza 134/86, mara ya pili 140/88. Siku hiyo ya pili muuza dawa aliniambia nianze vidonge bila kuchelewa, akanifungia vya siku kumi katika bahasha. Bahasha hiyo ipo katika droo ya meza yangu ofisini, na sijameza hata kimoja.

Sababu ya kutomeza ni marehemu baba. Alikuwa na presha, akipewa vidonge anameza wiki mbili tatu, akijisikia nafuu anaviacha. Alipata kiharusi akiwa na miaka 58 na akakaa kitandani miaka minne, mama akimgeuza na kumlisha. Nyumbani kwetu mpaka leo wapo wanaosema vidonge ndivyo vilivyomchosha mwili, na kwamba ukishavianza hutoki. Rafiki yangu mmoja wa karibu ameniambia pia kwamba vinamaliza nguvu za kiume, na mimi bado sijafika umri wa kulikubali jambo hilo kwa moyo mweupe.

Halafu yupo mke wangu. Yeye anafanya biashara ya ng'onda. Ananunua samaki kwa wavuvi wa Msanga Mkuu, anawapasua, anawatia chumvi, anawaanika, kisha anawauzia wachuuzi wanaowapeleka Masasi na Newala. Biashara hiyo ndiyo iliyojenga vyumba viwili vya uani na ndiyo inayomsomesha mtoto wetu wa kwanza. Vipande vilivyovunjika ambavyo haviuziki ndivyo kitoweo chetu, mara nne au tano kwa wiki, kwa mchuzi wa nazi na ugali wa muhogo, na sitakuficha kwamba hakuna chakula ninachokipenda zaidi. Nikimwambia kwamba chumvi inaniletea matatizo, nitakuwa nimemwambia kwamba mikono iliyotulisha ndiyo inayoniua. Kwa hiyo hajui lolote, si kuhusu bonanza, si kuhusu bahasha.

Nilidhani pia kwamba mtu anayetoka jasho kama mimi anaihitaji chumvi kuliko wengine. Hata chupa yangu ya maji ya mazoezi huwa naitia chumvi kidogo kwa ncha ya kijiko. Mengine sina. Labda goti la kulia, ambalo huuma baada ya mbio za Jumamosi nikalituliza kwa diklofenaki siku mbili au tatu. Na msimu huu, kwa sababu ya hesabu za mizani na stakabadhi, nimekuwa nikinywa makopo mawili ya vinywaji vya kuongeza nguvu usiku ili nisisinzie, na kulala saa nne au tano tu.

Nifanye nini, Mama? Nimeze vile vidonge, au niongeze mazoezi mpaka presha ishuke yenyewe? Nimwambieje mke wangu bila kumvunja moyo? Na je, ninastahili kuendelea kuwa mwenyekiti wa watu ninaowahimiza wafanye mazoezi ili wasipate ugonjwa ambao mimi mwenyewe ninao?

Mkimbiaji, Mtwara

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya tatu nilishika penseli, kwa sababu nilifanya kazi ya uuguzi miaka mingi kabla ya kukabidhiwa safu hii na bado ninayo tabia ya kupigia mstari yale ambayo mgonjwa huyasema akiwa ameshasimama na ameshika kitasa cha mlango. Kwako wewe mistari mingi imeangukia pale ulipoandika "mengine sina". Nitafika huko.

Umeniuliza kuhusu vidonge, lakini sehemu kubwa ya barua yako inahusu aibu: aibu mbele ya kikundi, aibu kwa mkeo, na aibu ya kurudi kwa yule mhudumu aliyekuambia urudi baada ya mwezi. Ninavyokusoma, wewe ulikuwa na mkataba na mwili wako kwamba ukikimbia, usipovuta na usiponywa pombe, basi yaliyompata baba hayatakupata. Mashine ilipotoa namba ile uliona kama mkataba umevunjwa, na mtu aliyedanganywa hupenda kunyamaza. Lakini ningependa kukuuliza, mkataba huo ni nani aliyewahi kuusaini?

Tuanze na namba zenyewe, maana kila aliyekupima alikupa jina tofauti na ninaelewa ukichanganyikiwa. Kwa kawaida watu wazima huambiwa wanapatwa na shinikizo la juu la damu pale vipimo vya siku tofauti vinapofika 140 kwa namba ya juu au 90 kwa namba ya chini. Mwaka 2017 wataalamu wa Marekani waliusogeza mpaka wao chini hadi 130/80, na ndiyo maana mtu mmoja anaweza kuitwa mgonjwa katika nchi moja na kuitwa mtu wa mpakani katika nchi nyingine bila damu yake kubadilika hata kidogo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unashauri dawa zianzwe kwa aliyethibitika kufika 140/90. Kwa aliye kati ya 130 na 139, namba ya juu peke yake haitoshi kuamua, bali huangaliwa kama tayari ana ugonjwa wa moyo, kisukari, ugonjwa wa figo, au hatari nyingine kubwa. Vipimo vyako vitano vinazunguka hapohapo penye mstari. Mhudumu aliyekuambia ni ya mpakani hakukosea, na muuguzi kijana aliyekunong'oneza naye hakukosea.

Ila vipimo vyenyewe nina mashaka navyo, kwa pande zote mbili. Wakati wa kukimbia namba ya juu hupanda, na hilo ni la kawaida, kisha saa chache baadaye inaweza kushuka chini kuliko kawaida ya mtu. Mtu aliyetoka mbioni, amezungukwa na wenzake wanaocheka, hapimiki vizuri. Vya duka la dawa sijui vilipimwaje, lakini nimeona mara nyingi mteja anapimwa amesimama kaunta, mkono unaning'inia, shati halijakunjwa, na huku anaulizwa bei. Kipimo kinachoaminika hudai mambo madogo ambayo watu huyaona ya kusumbua. Mtu asiwe amekunywa chai, kahawa au kinywaji cha kuongeza nguvu, wala kufanya mazoezi, kwa nusu saa kabla, awe ameshakwenda haja ndogo, aketi kwenye kiti chenye egemeo kwa dakika tano akiwa kimya, miguu ikae chini bila kupishanishwa, mkono ulale mezani usawa wa moyo, na mkanda ufungwe juu ya ngozi. Ukipata mashine ya kufunga mkono wa juu, hata ya kuazima, pima asubuhi kabla ya chai na kabla ya mbio, mara mbili kwa kupishana dakika moja, na jioni vivyo hivyo, kwa siku saba. Siku ya kwanza iache, chukua wastani wa siku zilizobaki. Nyumbani wastani wa 135/85 huhesabiwa kuwa sawa na 140/90 ya kliniki, kwa hiyo usijipongeze mapema ukiona 136. Daktari akiona karatasi hiyo atakuwa na la kusema kuliko akiona bahasha ya duka la dawa.

Sasa nije kwenye mbio zako. Usifikiri zimekuangusha. Mazoezi ya namna yako huweza kuteremsha namba ya juu kwa takriban pointi tano hadi nane kwa mtu mwenye presha, na inawezekana kabisa kwamba bila miaka hii sita ungekuwa unaniandikia barua nyingine, yenye namba za kutisha zaidi. Lakini hesabu na wewe, maana ndiyo kazi yako: ukijumlisha mbio zote na mpira wa Jumapili, unapata labda saa tano kati ya saa 168 za wiki. Saa nyingine zote moyo wako unafanya kazi na ulichokula, ulichokunywa, usingizi ulioupata na damu uliyorithi. Baba aliyepata kiharusi akiwa na miaka 58 ni jambo ambalo halifutiki kwa kilomita, na wembamba pia haulifuti. Huku kwetu tumezoea kusema presha ni ya wanene na ya wenye mawazo mengi, na kwa sababu ya msemo huo watu wembamba wengi wenye presha hawajawahi kupimwa.

Ndiyo maana wazo lako la kuongeza mazoezi mpaka ishuke yenyewe linanipa wasiwasi kidogo. Si kwamba kukimbia ni kubaya kwa mwenye namba kama zako. Kwa kawaida huambiwi uache, isipokuwa unapata maumivu ya kifua, kukosa pumzi kusiko kwa kawaida, au kizunguzungu unapokimbia, na hapo unasimama na kwenda kuonwa. Wasiwasi wangu ni goti. Ukiongeza kilomita, goti litauma zaidi, na ukiumwa zaidi utameza diklofenaki zaidi.

Hapa ndipo penseli yangu ilipokaza. Diklofenaki na ndugu zake kama ibuprofeni huzifanya figo zishikilie chumvi na maji, na kwa watu wengi presha hupanda kwa sababu hiyo. Tena figo hudhurika kwa urahisi zaidi pale dawa hizo zinapomezwa na mtu aliyepungukiwa na maji baada ya mbio ndefu kwenye jua la Mtwara. Dawa hiyo haikuandikwa na mtu yeyote katika barua yako, uliinunua tu kama tunavyonunua sote. Ningependa daktari aambiwe wazi unaimeza mara ngapi, na goti litafutiwe njia yake, iwe ni viatu, ni siku ya kupumzika, au ni kuwaachia vijana ule mpira wa Jumapili kwa muda. Ninajua hilo la mwisho hulipendi.

Makopo mawili ya usiku nayo yamo katika hesabu. Kafeini huinua presha kwa saa kadhaa, hasa kwa asiyeizoea, kisha inakunyima usingizi uliokuwa umebaki, na saa nne za usingizi usiku baada ya usiku zinaweza kuinua presha zenyewe bila msaada wa kopo. Sitakuambia ulale saa nane katikati ya msimu, wakati wakulima wanasubiri malipo yao na wewe ndiye mwenye daftari. Ila vipimo vyako vyote vimefanyika tangu Oktoba, ndani ya msimu, na huenda sehemu ya namba ni ya msimu wenyewe. Hilo linaweza kukupa matumaini, na linaweza pia kukuponza, kwa sababu mtu akisema "msimu ukiisha itashuka" humaliza msimu huu na ujao bila kupima tena. Jambo jingine la usiku: je, unakoroma sana, au pumzi hukukatika usingizini kisha ukashtuka? Huwezi kulijua mwenyewe. Anayejua ni anayelala karibu nawe.

Na chumvi, mwanangu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asipite gramu tano kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, kikihesabiwa pamoja na ile iliyo ndani ya vyakula. Kwa mbio za saa moja au zaidi kidogo maji matupu yanatosha, na chumvi ya chakula cha kawaida hurudisha iliyotoka na jasho, kwa hiyo ile ncha ya kijiko ndani ya chupa sioni inakufanyia kazi gani. Hiyo ni rahisi kuiacha kwa sababu haina mwenyewe wa kuudhika. Ng'onda ndiyo yenye uzito, kwani samaki yule hutiwa chumvi nyingi makusudi, ili maji yamtoke na asioze mpaka afike Newala. Asiye na chumvi nyingi hafiki.

Lakini kabla ya kuamua kwamba lazima uchague kati ya afya yako na mikono ya mkeo, naomba uutazame uani kwenu kwa jicho jingine. Samaki yuleyule, saa chache kabla hajawa ng'onda, alikuwa mbichi mikononi mwake. Familia ngapi Mtwara hii zinapata samaki wa Msanga Mkuu wakiwa bado wanang'aa macho? Inawezekana ombi lako kwake lisiwe "usinipikie samaki wako" bali "nitengee mmoja kabla hujafungua mfuko wa chumvi". Sitaki kujifanya kwamba ni ombi la bure. Vipande vilivyovunjika havina bei, samaki mbichi ana bei, na mkeo ndiye anayejua faida ya kila ndoo. Huenda ikawezekana mara mbili kwa wiki na isiwezekane mara tano.

Kwa siku za ng'onda, zipo njia ambazo mama zetu walizijua kabla ya mashine za presha: kumkata vipande vidogo, kumloweka katika maji kwa saa kadhaa huku maji yakibadilishwa mara mbili tatu, kumchemsha na kuyamwaga maji hayo, kisha kuunga nazi bila kuongeza chumvi yoyote wala vile viungo vya paketi, ambavyo navyo vimejaa chumvi. Ndimu, pilipili, tangawizi na kitunguu vitafanya kazi yao. Chumvi haitoki yote kwa kuloweka, ndiyo maana bado ni chakula cha mara chache. Wiki chache za kwanza utaona mchuzi umepooza, kisha ulimi huzoea, na baadaye ukila kwa watu utashangaa wanavyokoleza.

Ungeweza pia kusogeza sahani upande wa mbaazi, kunde, kisamvu, mchicha na matunda, ambavyo vina madini ya potasiamu yanayousaidia mwili kuitoa chumvi. Kwa mwenye figo dhaifu vyakula hivyo huhitaji uangalifu, na hiyo ni sababu mojawapo ya kupimwa mkojo, figo na sukari mapema badala ya kubahatisha. Korosho usizikimbie, za kuchoma zisizotiwa chumvi hazina ubaya kwako.

Tuzungumze sasa kuhusu bahasha. Vidonge vilivyomo sijui ni vya aina gani, na inaelekea hata wewe hujui, kwa sababu hukunitajia jina. Dawa za presha ziko za makundi mbalimbali na kila kundi lina tabia zake, ndiyo maana kuanza kwa bahasha ya siku kumi, bila kipimo cha figo na bila mtu wa kukufuatilia siku ya kumi na moja, kuna hatari yake. Kutoanza nako kuna hatari, na ile ya kwako ni kwamba presha ya kiwango hiki haiumi, kwa hiyo mtu anayejipa miezi mitatu ya kubadilisha mwenendo huweza kuamka amemaliza miaka mitatu. Wapo madaktari watakaokupa miezi kadhaa ya kujaribu chumvi, usingizi na goti huku ukipima, na wapo ambao wakiona historia ya baba yako na wastani wa zaidi ya 140 watapendelea uanze kidonge kimoja cha kiasi kidogo. Njia zote mbili nimeona zikiwafikisha watu pazuri walipozifuata. Bahasha ichukue uende nayo kliniki ukaionyeshe. Na kama siku yoyote mashine itasoma 180/120, au namba zaidi ya hapo, pamoja na maumivu ya kifua, kuona ukungu, mdomo kwenda upande au mkono kupoteza nguvu, hapo hakuna ushauri wa barua, ni hospitali saa ileile.

Kuhusu marehemu, sikumwona na siwezi kusema kilichomwangusha. Ninachokiona katika simulizi yako ni kwamba alikuwa akiacha kila alipojisikia nafuu. Je, inawezekana nyumbani mmevipa vidonge lawama ya siku ambazo havikumezwa? Kusema "ukianza hutoki" ni kama vidonge vinamlevya mtu, na sivyo. Kinachobaki ni presha yenyewe, na wapo ambao, wakiwa chini ya uangalizi, hupunguziwa kiasi baada ya kubadilisha maisha. Kuhusu nguvu za kiume, rafiki yako hakutunga yote, kwa kuwa baadhi ya dawa, hasa za aina za zamani, zimehusishwa na tatizo hilo kwa baadhi ya wanaume. Alichosahau kukuambia ni kwamba presha isiyotibiwa nayo huharibu mishipa, ikiwemo ile unayoihofia. Zungumza nalo na daktari waziwazi, mwanamume kwa mwanamume ikikupa nafuu, kwa maana dawa zinaweza kubadilishwa, na walioacha kimyakimya kwa aibu hiyo nimewauguza.

Uenyekiti wako sioni ulipotiwa doa. Ulisema uongo wa neno moja mbele ya watu wanaocheka, na ukiangalia vizuri, uliusema ili wengine wasiogope kupima, jambo ambalo ndilo uliloombwa kufanya. Kama utataka kuwaambia, ni hiari yako, na kama hutaki, afya yako ni siri yako. Nawaza tu kwamba kati ya watu arobaini wanaokimbia huenda wapo wenye namba kama yako ambao nao walisema "safi kabisa", na mmoja wao akikusikia anaweza kurudi kupima. Anaweza pia kuwepo wa kukutania mpaka Krismasi. Wewe unawajua.

Nimeliacha la mkeo mwisho kwa sababu kuna jambo moja nimelitafuta katika barua yako yote na sikuliona. Umeniandikia presha yako kwa tarakimu mara tano, ukaniandikia ya baba, lakini mwanamke anayekula sahani ileile, anayefanya kazi kutwa nzima juani na mikono yake ndani ya chumvi, hukusema kama amewahi kupimwa. Unaogopa kumwambia kwa sababu unayaona mazungumzo kama mashtaka, wewe mlalamikaji na chungu chake ushahidi. Ungejisikiaje kama ungeanza kwa kumuuliza yeye mara ya mwisho alipima lini, ukamwambia kwamba wewe umepima, namba zimekutia hofu kwa sababu ya yaliyompata baba, na kwamba umepata mashine ya kuazima kwa wiki moja na unahitaji mtu wa kukuandikia namba asubuhi na jioni? Huenda atakasirika kwamba ulimficha miezi miwili, na hasira hiyo itakuwa na haki yake. Huenda suala la chumvi atalitaja yeye kabla yako, kwa sababu hakuna anayeijua chumvi ya ng'onda kumshinda aliyeitia. Ukimaliza kupima na kuandika zako, mpishe kwenye kiti naye akae dakika zake tano.